Farasi na Malezi ya Mtoto

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake.

Husikika mara nyingi kwenye mimbari kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha watoto wafundishwe kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Kauli hiyo, kwa mpangilio huo, haikuthibiti kuwa ni Hadithi yake, mashuhuri ni kunasibishwa na Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), na khatibu aitaje hivyo. Lakini jambo lenyewe lina asili sahihi.

Wamepokea Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi waliotayarishwa kutoka Al-Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiotayarishwa kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Mmoja wa washindani alikuwa Abdullah bin Umar (R.A.), ambaye katika Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alirudishwa kwa kuwa na umri wa miaka 14. Kumtayarisha farasi ni kumnenepesha, kisha kumpunguzia malisho kidogo kidogo na kumfunika ili atoe jasho. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na humfunza kijana subira.

Funzo la pili ni upole. Farasi hajui aliyempanda ni mtoto wa nani. Akivutwa hatamu kwa hasira hushtuka na kukaidi; akitulizwa hutii. Bibi Aisha (R.A.) alipanda ngamia mgumu akawa anamsukuma huku na huku, na Mtume (S.A.W.) akamuamrisha upole, kama ilivyo katika Sahihi Muslim.

Funzo la tatu ni amana. Abdullah bin Jaafar (R.A.), naye akiwa mtoto, alipandishwa nyuma ya Mtume (S.A.W.) na akashuhudia ngamia aliyetokwa na machozi katika bustani ya Answari. Mtume (S.A.W.) akampangusa hadi akatulia, kisha akamuonya mwenyewe amche Allah, kwani ngamia alilalamika kuwa anashindishwa njaa na kuchoshwa. Imepokewa na Abu Daud. Kwa hiyo mafaqihi wa Kishafii wamesema: asiyemlisha mnyama wake, hakimu humlazimisha amlishe au amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa.

Basi ewe mzazi, mtoto bado hajakalifishwa. Ukimkabidhi mnyama kisha akalala na njaa, mas-ul ni wewe. Mfundishe kumlisha kabla ya kumpanda.

Na umfundishe nia. Imethibiti kuwa farasi ni wa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, na kwa anayemfuga kwa fahari na ria ni dhambi. Mnyama ni yule yule, tofauti ni moyo wa mwenyewe.

Kwetu wenye farasi ni wachache, lakini punda na mbuzi wapo, na adabu ni hiyo hiyo.

Wallahu aalam.