Mathe Alinichoma kwa Grupu ya Maombi

Nilijua nimechomwa siku mama mboga alikataa kuniuzia tikiti. Nilikuwa nimetumwa sukuma ya mbao, nikabaki na ashu, nikaitisha kipande. Akakiangalia, akaniangalia, akakirudisha kwa sinia. "Hapana, kijana yangu. Hii ina maji mob. Na ikifika saa moja jioni usikunywe kitu tena, ata chai." Hapo kando kwa mkokoteni wa smokie kulikuwa na wasee wawili. Mmoja akacheka na mapua.

Hiyo ni 2016, niko klasi 8, miaka 13, na usiku bado nilikuwa nakojoa kitandani. Leo naisema mwenyewe na sina noma. Hiyo siku, wasee wenye nilikuwa nimeambia walikuwa sufuri.

Mathe ndiye alikuwa amemwaga mtama. Alikuwa ametuma odio kwa grupu ya WhatsApp ya maombi, wasee kedo mia mbili. Unajua vile hizo huanza: "Bwana asifiwe wapendwa, naomba mnisimamie kwa maombi, hii kijana yangu..." Hapo kwa "hii kijana yangu" ndio mtoi huuzwa. Udaku ukijifunga leso ya kanisa unaitwa ombi, na msee akiuliza mbona unaongea mambo ya mtoto wa wenyewe, ataambiwa anapinga maombi.

By Alhamisi odio ilikuwa imefika kwa grupu ya wazazi wa klasi yetu. Ijumaa nikabatizwa Ndakaini. Kama hauko rada, hiyo ni ile dam ya Murang'a yenye hutuletea maji Nairobi. Manze, nilicheka pia, juu jina lilikuwa limeweza. Kisha nikaingia choo ya shule nikakaa huko mpaka brek ikaisha.

Sasa, usidhani kabla ya hiyo odio nilikuwa na siri. Tulikuwa tunaishi ploti ya Kayole, keja moja, na godoro yangu ilikuwa inaanikwa kwa reli za korido kila asubuhi kama bendera ya shule. Ploti yote ilijua. Lakini godoro, jua ikiwaka fiti, saa kumi imekauka imerudi ndani. Watoi walinicheka kedo wiki moja, kisha wa nambari 8 akaumwa na umbwa akiiba mapera, stori ikahama kwake. Na wenye walikuwa wananicheka nilikuwa najua zao pia. Tulikuwa tumeshikana mateka. Mzazi wa klasi yetu anaishi Donholm, hajawahi niona, ana odio ya dakika mbili kuhusu kitanda yangu kwa simu yake. Mimi sina kitu yake.

Nilimuuliza mathe. Nilijaribu, wacha niseme hivyo. Alikuwa anapanga nguo za kupeleka Gikomba, akaniuliza bila kugeuka: "Kwani wewe ulitoka kwa tumbo ya nani?" Stori ikaisha hapo. Kwa hesabu yake, kama mimi ni wake, basi aibu yangu pia ni yake, na msee ana haki ya kulia na kitu yake.

Na ukweli usemwe, huyo mathe alikuwa amechoka. Buda aliishia nikiwa klasi 3. Saa kumi usiku mathe ameamka kuwahi belo ya mitumba, saa kumi na moja ananiamsha, anapata nimeshaharibu shiti. Alikuwa amenichapa, amenifunga na maji kutoka saa kumi na mbili jioni, amenipeleka kuombewa mara mbili. Hakuwa na beshte wa kuambia. Grupu ndio ilikuwa beshte.

Na grupu ilisaidia. Hii ndio sehemu hunikoroga mpaka leo. Kulikuwa na siz mmoja humo, nesi, hakuandika "amina" kama wengine. Alimpigia mathe kando. Akamwambia awache kunichapa, hii si uvivu na si pepo, usingizi wa mtoi unaweza kuwa mzito na kibofu bado haijashika rada, lakini anipeleke nipimwe mkojo na sukari tukuwe tu na hakika. Kisha akamuuliza kama buda pia alikuwa hivyo akiwa mtoi, juu hii kitu hufuata damu. Mathe akanyamaza muda mrefu. Jioni hiyo alinipigia chapo, na hakuna mtu alikuwa na bathdei.

Kwa hivyo alihitaji kuongea, sibishi. Alihitaji sikio moja. Alitumia mia nne.

Siku hizi ni mbaya zaidi, juu kuna ganji. Msichana wa sekondari amepata ball, mathe yake anaingia laivu TikTok na machozi, zawadi zinarushwa kwa skrini, na dem amekaa nyuma kwa kochi amefunika uso na kitambaa ya meza. Mzae anapost rizalti slipu ya kijana mwenye ameanguka, jina na shule zote ziko wazi, ati wengine wajifunze. Mabango ya paybill za hospitali siwezi yaongelea kwa ukali, juu bila sura ya mtoi wasee hawatumi kitu. Ila mtoi akipona, lile bango haliondolewi.

Utah, huko Marekani, kulikuwa na mathe anaitwa Ruby Franke, mwenye chaneli ya familia YouTube, wafuasi zaidi ya milioni 2. Mwaka wa 2020 kijana yake alisema mbele ya kamera amelala miezi 7 kwa bini begi juu bedrumu alinyang'anywa kama adhabu. Hakuna msee aliwasnitch, walijipostia. Agosti 2023 mathe akashikwa kwa kutesa watoi, 2024 akafungwa. Chenye kilinishika ni binti yake mkubwa, Shari. Oktoba 2024 alienda mbele ya wabunge wa huko akawaambia hajakuja kama binti ya mfungwa, amekuja kama mhanga wa familia kurekodiwa ikipostiwa.

Kwetu gava imejaribu. Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kupost picha za watoi bila ruhusa ya wazazi. Fiti. Sasa soma hiyo mwisho tena: bila ruhusa ya wazazi. Sheria ya data ya 2019 imempea mzazi funguo, na mwenye ananichoma ndiye ako nayo. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoi ana haki ya faragha, poa sana, lakini mtoi wa miaka 13 atashtaki mathe yake mchana, kisha usiku adozi kwa nani?

Juzi mathe amenunua simu mpya akaniambia nimhamishie WhatsApp. Nikapata grupu, bado iko. Nikaskrol mpaka 2016. Dakika 2 na sekunde 41. Sikuwahi iskiza, nilikuwa nimeipata kwa midomo ya wasee tu. Nikaweka simu kwa maskio. Kwa dakika ya pili hakuna maneno, ni mtu anavuta makamasi na matatu inapiga honi mbali.

Nilishikilia hiyo odio na kidole, nikatafuta mahali pa kufuta kwa kila mtu. Hapakuwa. Simu ilinipea ya kufuta kwangu tu.

"Umemaliza?" mathe akauliza kutoka jikoni.

"Bado," nikamwambia.