Ng'ombe Aliyevimba Tumbo: Tambua Sababu Kabla ya Kutibu

Mkulima mwenye ng'ombe wawili au watatu wa gredi hana mali nyingine shambani ipitayo hiyo. Tangu mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, maziwa ndiyo yaliyowalipia wengi madeni, karo za watoto na mbolea ya msimu. Lakini ng'ombe aweza kutoka bomani asubuhi akiwa mzima, na kabla ya saa sita mchana akawa amekufa kwa kuvimba tumbo. Mara nyingi hakuna nafasi ya kumngoja daktari wa mifugo afike kutoka mjini. Kwa hiyo yafaa kila mkulima, pamoja na mkewe, watoto wake wakubwa na mchungaji wake, wajue ugonjwa huu na wajue la kufanya.

Upepo watoka wapi?

Ng'ombe ana matumbo manne. La kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Liko upande wa kushoto, na kwa ng'ombe mkubwa huchukua zaidi ya lita 100. Ndani yake vijidudu visivyoonekana kwa macho huchachusha majani ili mnyama apate kuyatumia, na kazi hiyo hutoa gesi nyingi mchana na usiku. Ng'ombe mzima hupiga mbweu kila mara, na gesi hutoka kwa kinywa. Gesi ikikosa njia, tumbo hujaa na kuyasukuma mapafu, hata mnyama ashindwe kuvuta pumzi. Hilo ndilo limwualo.

Dalili

Tazama ubavu wa kushoto, lile bonde lililo nyuma ya ubavu wa mwisho na mbele ya mfupa wa nyonga. Kwa ng'ombe aliyevimba, bonde hilo hujaa, kisha hupanda juu, na ukilipiga kwa vidole hulia kama ngoma. Mnyama huacha kula na kucheua, hulala na kuinuka mara kwa mara, huupiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Akianza kupumua kwa kinywa wazi huku ulimi ukitoka nje, ujue muda uliobaki ni mfupi sana.

Aina tatu za kuvimba

Hapa ndipo wakulima wengi hukosea, maana hutibu kila uvimbe kwa njia moja.

Ya kwanza ni uvimbe wa povu. Huja baada ya mnyama kula luseni, klova au majani machanga yenye umande, hasa akiwa na njaa. Gesi haikusanyiki mahali pamoja bali hukaa ndani ya vipovu vidogo vingi, kama povu la sabuni, na povu haliwezi kutoka kwa mbweu. Waweza kuona ng'ombe kadhaa wamevimba pamoja, pengine katika muda wa saa moja tu tangu waingie malishoni.

Ya pili ni koo kuzibwa. Ng'ombe amemeza kiazi kizima, gunzi la mahindi au embe, nacho kimekwama. Hutokwa na mate mengi, hunyosha shingo, hukohoa, na hawezi kumeza.

Ya tatu ni gesi tupu isiyotoka kwa sababu nyingine. Ng'ombe mwenye homa ya maziwa aliyelala ubavu hawezi kupiga mbweu. Mwingine huvimba na kupona, kisha huvimba tena baada ya siku chache. Huyo huenda amemeza waya, kamba au mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi wa Agosti 2017, lakini takataka za plastiki bado zaonekana kando ya njia, na ng'ombe huzila.

Matibabu

Mwite daktari wa mifugo mara moja kwa simu, kisha uanze kazi bila kumngoja. Mwondoe mnyama malishoni, umsimamishe mahali penye mteremko, miguu ya mbele ikiwa juu. Aliyelala ubavu mwinue akae kwa kifua, umwegemeze kwa magunia yaliyojazwa nyasi. Usimkimbize kamwe, maana pumzi yake tayari ni haba.

Kama ni povu, mnyweshe mafuta ya kupikia, robo lita mpaka nusu lita kwa ng'ombe mkubwa. Mafuta huvunja povu. Katika maduka ya dawa za mifugo kuna dawa maalumu za kazi hii pia. Nunua chupa moja mapema na ufuate maandishi yaliyo juu yake. Unaponywesha, usiinue kichwa juu sana wala usiushike ulimi, na umimine polepole, maana mafuta yakiingia mapafuni yatamwua. Kisha mfunge kijiti laini kukingama kinywani kama lijamu, apate kukitafuna. Mate yanayotoka husaidia kuvunja povu. Usitumie mafuta ya taa wala sabuni ya unga. Huharibu tumbo na maziwa, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni ni sumu kali.

Kama koo limezibwa, kumnywesha mafuta au maji ni hatari, maana hayana pa kupita ila mapafuni. Usisukume kwa fimbo, utapasua koo. Ukiona kitu kimetokeza upande wa shingo, kisugue polepole kwa nje kuelekea kinywani, na umngoje daktari. Jihadhari sana: kutokwa na mate na kushindwa kumeza ni dalili za kichaa cha mbwa pia. Usitie mkono kinywani mwa mnyama wa namna hiyo. Kama mate yamekugusa penye jeraha, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kama ni gesi tupu, daktari hupitisha mpira kinywani mpaka tumboni, na gesi hutoka kwa kishindo. Mnyama akiwa karibu kufa na daktari hajafika, mtu aliyefundishwa aweza kutoboa kwa trokari, yaani chuma chenye ncha ndani ya ala yake. Mahali ni ubavu wa kushoto, juu kabisa ya uvimbe, na ncha huelekezwa kwenye kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia. Chuma huondolewa na ala hubaki gesi ipate kutoka. Kama ni povu, tundu hilo dogo halitatosha, lakini mafuta yaweza kumiminwa ndani kupitia ala. Mnyama aliyetobolewa lazima atibiwe na daktari, maana uchafu ukiingia humletea ugonjwa mwingine.

Akifa, usimpasue upesi

Kila mzoga huvimba, kwa hiyo tumbo kubwa si ushahidi wa ugonjwa huu. Ng'ombe aliyekufa ghafula, akatokwa na damu nyeusi isiyoganda puani, kinywani au nyuma, huenda ni wa kimeta. Kimeta huua watu. Usichune, usipasue, usile wala usigawie jirani nyama. Wafukuze mbwa na umpashe habari ofisa wa mifugo.

Kinga

Wape ng'ombe nyasi kavu kabla ya kuwaingiza kwenye luseni au klova. Ngoja umande ukauke. Siku za kwanza waache wale dakika chache tu, kisha uongeze kidogo kidogo. Majani mabichi ya kunde na ya viazi vitamu yaanikwe yanyauke kwanza, na viazi vikatwe vipande vidogo kabla ya kulishwa. Okota waya, kamba na plastiki shambani. Ng'ombe wakiingia malisho mapya, mtu awatazame kila baada ya nusu saa.

Jioni ya leo weka ghalani chupa ya mafuta, dawa ya povu, kijiti na kamba yake, na uandike namba ya simu ya daktari wa mifugo mlangoni mwa boma. Siku ng'ombe atakapovimba hakutakuwa na wakati wa kuvitafuta.