AIKIDO: KABLA YA KUANGUSHA, JIFUNZE KUANGUKA



Nilipojiunga na klabu ya mtaani kwetu kujifunza aikido, nia yangu ilikuwa kujihami ninapotoka zamu ya usiku. Nilitaraji kufundishwa kumdhibiti kibaka. Wiki ya kwanza tukafundishwa kuanguka. Wiki ya pili, kuanguka tena.

Mchezo huu uliasisiwa Japani na Morihei Ueshiba (1883–1969). Anayeshambuliwa hashindani nguvu na adui, bali humgeuza kwa nguvu yake mwenyewe, akamwangusha au kumbana maungio. Wanafunzi hupokezana kuangusha na kuangushwa, hivyo asiyejua kuanguka ataumia tu.

Mimi nilikuwa na haraka. Siku moja niliposukumwa nyuma nilitanguliza kiganja, na uzito wote ukaishia kwenye kifundo cha mkono. Eksirei ilionesha mfupa mzima, alhamdulillah, lakini kwa wiki tatu sikuweza kuweka kiganja chini wakati wa kusujudu. Nami kila siku nawafunga plasta watu walioteleza bafuni wakatanguliza kiganja vilevile!

Somo nililolidharau ni hili: kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, mgongo uwe mviringo, mwili ubingirike kupitia bega, si juu ya shingo. Hili hufundishwa na mwalimu juu ya magodoro. Usilijaribu kwenye sakafu ya saruji.

Kwa anayetaka kujiunga, au kumpeleka mtoto, azingatie haya:

1. Kucha ziwe fupi. Kuzikata ni katika sunna za fitra, na ndefu humkwaruza mwenzako.

2. Mazoezi ni pekupeku. Osha miguu na ukaushe katikati ya vidole, kama inavyofaa baada ya udhu. Unyevu huleta fangasi. Mwenye choa au kidonda kibichi asubiri atibiwe.

3. Fua nguo kila baada ya mazoezi.

4. Ukibanwa kiungo, gonga godoro mwenzako akuachie. Si aibu.

5. Ukianguka na kusikia maumivu chini ya kidole gumba, nenda ukapigwe picha, usichuliwe kwanza. Aliyegonga kichwa kisha akatapika, akachanganyikiwa au akalemewa na usingizi, awahishwe hospitali.

Jambo jingine ni kuinama. Katika aikido watu huinamiana kwa salamu, na huinama pia mbele ya picha ya mwasisi. Nilimweleza mwalimu mapema kwamba mimi sitainama, nitaweka mkono kifuani. Akaridhia. Lisemwe siku ya kwanza, lisisubiri mtoto atahayari mbele za wenzake.

Mkono umepona, nimerudi klabuni. Safari hii naanguka bila kunung'unika.

Wabillahi tawfiq.