Kabla hujapiga msasa kitanda cha mtoto

Maswali yaliyorundikana kwenye meza yangu miezi hii hayahusu homa wala chanjo. Yanahusu mapambo. Mama mwenye mimba ya miezi saba amepanga chumba na sebule. Dada yake amempa kitanda cha mtoto cha mbao, cha zamani lakini imara, na fundi wa mageti wa mtaani amembakizia nusu kopo la rangi ya mafuta ya njano. Anauliza: nikikipiga msasa na kukipaka upya, kitafaa? Baba mwingine anataka kumchorea mwanawe twiga ukutani. Bibi ameshatunga vifuu na shanga kwenye uzi, anamsubiri mjukuu.

Nawapenda wasomaji hawa. Hawana fedha za kuingia dukani na kutoka na chumba kizima, kwa hiyo wanakitengeneza kwa mikono yao. Na karibu kila wanachotaka kufanya ni salama. Kinachonikosesha usingizi ni kimoja tu: ule msasa.

Rangi nyingi za mafuta za zamani, na baadhi ya zinazouzwa mpaka leo, zina madini ya risasi. Hayakuingia humo kwa bahati mbaya. Kromati ya risasi ndiyo huleta njano na chungwa kali isiyopauka juani. Ukiichanganya na buluu unapata kijani cha kupendeza. Misombo mingine ya risasi hutiwa ili rangi ikauke upesi. Kwa hiyo makopo ya kuogopwa zaidi ndiyo yaleyale tunayoyachagua tukisema, “hii itamchangamsha mtoto.” Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu sehemu 90 tu za risasi katika kila sehemu milioni za rangi, yaani miligramu 90 katika kilo nzima. Lakini kitanda kilichopakwa kabla ya viwango hivyo hakijui sheria imebadilika.

Nikisema hivi, jibu la kwanza huwa lilelile: “Mwanangu halambi rangi.” Jibu hili lina umri mrefu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, madaktari wa Queensland, Australia, walikuwa wakipokea watoto wenye maumivu ya tumbo, miguu iliyolegea na macho yanayopoteza nuru. Mwaka 1904, daktari wa macho wa Brisbane, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba sumu ilikuwa majumbani mwao, kwenye kingo za baraza na kuta zilizopakwa rangi. Jua kali lilikuwa limeigeuza rangi ile kuwa unga, unga ukashika kwenye viganja vyenye jasho, na viganja vikaenda kinywani. Hakukuwa na haja ya kulamba ukuta. Ilichukua mpaka 1922 kwa Queensland kuweka sheria ya kuzuia rangi ya risasi mahali mtoto anapoweza kufika.

Msasa hufanya kwa saa moja kazi ambayo jua la Brisbane lilihitaji miaka kuifanya. Rangi iliyotulia kwenye mbao inageuka vumbi laini, vumbi linatua sakafuni, kwenye godoro, kwenye nguo za fundi. Miezi michache baadaye mtoto anatambaa hapohapo, na kila anachokigusa kinaishia mdomoni.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo ambalo, kila nikilisoma, hunistaajabisha upya: namna risasi inavyoudanganya mwili.

Atomu ya risasi ina uzito wa zaidi ya mara tano ya atomu ya kalsiamu. Lakini zikiyeyuka, zote mbili hubaki na chaji chanya mbili, na ukubwa wa ioni zake unakaribiana. Seli haina mizani ya kupimia uzito. Milango yake hutambua chaji na ukubwa, basi. Risasi ni mtu aliyefika harusini na kadi ya jirani yake: mlangoni wanakagua kadi, hawakagui sura. Anaingia, anakalia kiti cha mwenyewe, na ile kazi ambayo mwenye kiti alialikwa kuifanya hawezi kuifanya.

Ulaghai unaanzia utumboni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mdogo akimeza kiasi kilekile cha risasi alichomeza mtu mzima, hufyonza mara nne hadi tano zaidi. Utumbo wake una njaa ya madini, kwa sababu mifupa inajengwa na damu inaongezwa kila siku. Upo mlango mmoja hasa uliowekwa kwa ajili ya chuma, ambao huipitisha risasi pia. Mtoto akipungukiwa na chuma, utumbo huongeza milango hiyo ili usikose hata chembe. Kwa hiyo mtoto mwenye upungufu wa damu, ambaye tayari ana shida, ndiye anayeifungulia sumu milango mingi zaidi.

Ikishaingia katika damu, karibu yote hujificha ndani ya chembe nyekundu. Humo hukishika kimeng'enya kinachohitaji zinki ili kutengeneza sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Risasi huisukuma zinki na kukaa mahali pake. Kimeng'enya kinasimama, na damu iliyokuwa pungufu inapungua tena.

Kisha inafika ubongoni. Seli ya neva inapotaka kuzungumza na jirani yake, umeme hufika kwenye ncha yake, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia kwa kishindo, na vifuko vidogo vya kemikali humwagwa kuelekea seli ya pili. Kalsiamu ndiyo amri yenyewe. Bila kalsiamu hakuna ujumbe. Risasi hufanya maovu mawili hapa. Kwanza huziba milango, hivyo amri halali hufika imefifia. Pili, ile iliyokwisha kupenya ndani hugusa vitambuzi vya kalsiamu na kuvifanya vifuko vimwage kemikali pasipo amri ya yeyote. Ujumbe wa kweli unapungua, kelele inaongezeka.

Kwa mtu mzima hilo ni baya. Kwa mtoto mchanga ni msiba, kwa sababu ubongo wake unajijenga kwa kuusikiliza ujumbe huohuo. Miunganisho inayotumika huimarishwa, isiyotumika huondolewa, kama mkulima wa migomba anavyopunguza machipukizi katika shina ili lililo bora lipate nguvu. Kelele ya risasi humpotosha mkulima huyu: analikata chipukizi zima na kuliacha dhaifu. Siku hiyo hakuna homa, hakuna kutapika, hakuna cha kumpeleka mtoto zahanati. Matokeo yanaonekana miaka mingi baadaye, darasani, kwa mtoto asiyetulia, anayechelewa kusoma, anayeitwa mvivu na kuchapwa kwa kosa la rangi ya kitanda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Na hadithi haiishii hapo. Katika damu, risasi hupungua kwa nusu ndani ya mwezi mmoja hivi. Lakini nyingine imekwenda mifupani, tena kwa kadi ileile ya kalsiamu, na huko hukaa miaka, hata miongo. Mwanamke akipata mimba au akinyonyesha, mwili wake huchota kalsiamu mifupani kwa ajili ya mtoto. Risasi aliyoivuta akiwa msichana hutoka nayo, na huvuka kondo la nyuma. Kwa hiyo mama wa mimba ya miezi saba, aliyeinama juu ya kitanda cha zamani na msasa mkononi, anavuta vumbi kwa ajili ya watu wawili. Tunapamba chumba katika wiki zilezile ambazo vumbi lina madhara makubwa zaidi.

Turudi kwenye yale ninayoyasikia kila mara.

“Hili ni tatizo la nyumba kongwe za Ulaya.” Waulizeni wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Chanzo kilikuwa kingine, lakini madini ni haya haya, na walioumia ni watoto wetu.

“Nimeinusa, haina harufu kali, basi haina sumu.” Harufu ni ya kimiminika kinachoyeyusha rangi. Risasi haina harufu kabisa. Rangi ikikauka harufu inaondoka, risasi inabaki palepale.

“Fundi akinywa maziwa, sumu inakatika.” Kila fundi rangi ameambiwa hivi na aliyemfundisha kazi. Kuna punje ya ukweli: mtoto anayepata chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Mpeni maharage, dagaa, mboga za majani na maziwa kwa umri wake. Lakini glasi ya maziwa haiendi mapafuni kufuata vumbi lililokwisha kuvutwa, wala haiing'oi risasi mfupani.

“Kuna dawa ya kusafisha damu.” Hapa uvumilivu wangu unakwisha. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la watoto 780 waliokuwa na risasi katika damu. Baadhi walipewa dawa halisi ya hospitali inayoinasa risasi, wengine kidonge kisicho na dawa. Risasi katika damu ya waliopewa dawa ilishuka kweli. Akili zao zilipopimwa baadaye, hazikuwa na nafuu yoyote kuliko za wenzao. Dawa hiyo bado inaokoa maisha ya mtoto mwenye risasi nyingi sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaipendekeza kuanzia mikrogramu 45 kwa desilita ya damu. Lakini kilichokwisha kuharibika ubongoni haikukirudisha. Sasa yule anayepanga chupa za majani yaliyochemshwa kando ya stendi, asiye na kipimo wala rekodi ya mgonjwa hata mmoja, anarudisha nini? Anachukua fedha ambayo ingenunua godoro.

“Wanja unamkinga mtoto na husuda na kumkuza nyusi.” Wanja mwingi wa manga uliopimwa maabara, Oman na kwingineko, umekutwa ni jiwe la salfaidi ya risasi lililosagwa. Huku ni kuichukua sumu tuliyoikimbia kwenye kitanda na kuipaka kwenye jicho la mtoto, ambaye atalifikicha na kulamba kidole. Anayekuuzia akikuapia kuwa ni wa asili, anasema kweli. Risasi nayo ni ya asili.

Ya kufanya ni machache. Kitanda ambacho hujui kilipakwa nini, usikipige msasa mkavu, na mtoto anayeota meno asipewe ukingo wake autafune. Kama lazima rangi itolewe, aifanye mtu mzima asiye mjamzito, nje, mbali na watoto, mbao zikiwa zimeloweshwa, amevaa barakoa, na nguo zake zifuliwe peke yake. Kama fundi seremala anakutengenezea kipya, mwambie akilainishe na akiache mbao tupu. Ukuta upake rangi ya maji yenye alama ya ubora na maelezo kwamba haina risasi, madirisha yakiwa wazi, wiki kadhaa kabla ya uzazi, na mama asiwepo. Twiga achorwe kwa hiyohiyo. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Vifuu vya bibi vining'inizwe juu, mbali kabisa na mikono, na ushanga au uzi usifungwe shingoni mwa mtoto. Kitandani kuwe na godoro gumu, shuka iliyobana na chandarua. Mito na mablanketi mazito yatoke. Mtoto alazwe chali, chumba kimoja na wazazi. Marekani ilipoanza kuhimiza kulaza chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa takribani nusu.

Na njano je? Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na rangi nyingi hatazitofautisha sawasawa mpaka kati ya mwezi wa pili na wa nne. Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Fantz aliwaonyesha watoto wenye umri wa chini ya siku tano maduara sita: sura ya mtu, miviringo ndani ya miviringo, kipande cha gazeti, na matatu ya rangi tupu, nyekundu, nyeupe na njano. Waliitazama zaidi sura. Na hata kipande cha gazeti, weusi juu ya weupe, kiliwavutia kuliko duara la njano.

Basi, mama wa chumba na sebule, jibu langu ni hili. Fungua sanduku utoe kisutu, khanga ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe yenye michoro midogo iliyobana. Ifue, itandaze ukutani mahali mtoto atakapobebwa na kunyonyeshwa, mbali na kitanda. Macho ya mtoto hayataomba mapambo makali kuliko hayo, na karibu nayo utakuwepo uso wako. Lile kopo la njano mrudishie fundi wa mageti, na msasa wake juu.