Mama, Nimeitwa Kwenye Usaili

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa hapa Robanda alinivuta kando. "Dada nesi, mtoto wangu ameharibika," alisema karibu kulia. "Tumeuza ng'ombe wawili asome kompyuta Mwanza. Sasa anasema ameitwa Nairobi kwenye usaili wa kazi ya kutengeneza michezo. Baba yake amekataa kumpa nauli. Anasema hakuna mtu anayelipwa kwa kucheza."

Mama mwenzangu, ungekuwa wewe ungemjibu nini? Kazi tunazozijua hapa ni kulima, kufuga, kufundisha na kuongoza watalii wa Serengeti. Lakini kazi hiyo ipo. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Nyangi. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha kampuni ya Leti Arts, iliyotengeneza michezo ya mashujaa wa Kiafrika.

Nilimwita kijana anieleze. Alisema msaili kwanza hutaka kuona mchezo uliokwisha kuutengeneza, hata mdogo, mradi umekamilika. Kisha huuliza hesabu: mpira ukigonga ukuta utarudi upande gani, na kwa kasi gani? Halafu hukupa programu yenye kosa ulitafute mbele yake, huku ukisema kwa sauti unavyofikiri.

Nilicheka. Ndivyo tulivyopimwa sisi chuo cha uuguzi, kando ya kitanda cha mgonjwa. Mtahini hakutazama daftari, alitazama mikono yetu. Aliyesema, "Sijui, nitamwuliza daktari," alipata alama kuliko aliyebahatisha. Basi nikamwambia kijana: usipojua, sema hujui, kisha eleza utakavyolitafuta jibu.

Jioni nilikwenda kwa baba yake, nikamwomba autazame mchezo wa mwanawe. Tembo anaingia shambani usiku, na mchezaji anapiga debe kumfukuza kabla mahindi hayajaisha. Mzee alitazama kimya. Kisha akasema, "Tembo haji mmoja. Waweke watatu." Asubuhi alitoa nauli.

Kijana hakupata kazi. Waliisifu hesabu yake, lakini waliona hajazoea kufanya kazi na wenzake, na mchezo huhitaji mchoraji, mtu wa sauti na mwandishi wa programu. Siku hizi anatengeneza mwingine pamoja na marafiki wawili. Tembo ni watatu.

Mama, mtoto akikuletea habari kama hii, usianze na "hapana". Uliza kampuni iko wapi, nani amemwita, na mshahara ni wa namna gani. Wakimdai fedha ili asailiwe, mzuie, hao ni matapeli. La sivyo, mwambie akuonyeshe kazi yake, ukae naye uitazame mpaka mwisho. Aliyesikilizwa nyumbani haoni haya kurudi nyumbani aliposhindwa, wala haogopi kujaribu tena.