MGENI AFIKAPO TENGERU

Mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Magharibi, aliyekuja kusoma katika mojawapo ya vyuo vya Tengeru, alitusimulia hivi karibuni jinsi nchi yetu ilivyoonekana machoni pake katika majuma yake ya kwanza. Tulimsikiliza kwa furaha, kwa kuwa tumezoea kusoma barua za vijana wetu walioko ng'ambo, wakituandikia habari za theluji na za magari yapitayo chini ya ardhi, lakini ni mara chache tupatapo kusikia jinsi sisi wenyewe tuonekanavyo na mgeni.

Kilichomshangaza kwanza ni baridi. Alifika mwezi wa Julai, hali sanduku lake limejaa mashati mepesi, akawakuta wenyeji wamevaa makoti na kujitanda mashuka mazito. Ukungu ulikuwa umeufunika Mlima Meru kwa siku tisa mfululizo, hata akadhani wenzake wanamfanyia mzaha walipomwambia kwamba hapo mbele yake pana mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Siku ya kumi mlima ukatokea alfajiri, naye akaiacha chai yake mezani akatoka nje kuutazama.

Lakini lililomwingia zaidi moyoni ni lugha. Huko kwao, alisema, mwalimu wa chuo kikuu na mfagizi wa chuo hicho hawana lugha moja ya kuzungumzia mambo mazito. Hapa aliwaona wakisalimiana, wakitaniana na hata kubishana kwa Kiswahili pasipo mmoja kujishusha. Siku ya Jumamosi alikwenda katika soko la Tengeru. Wauza ndizi walimsemesha kama mtu aliyezaliwa pale, na alipokosa la kujibu wakapaza sauti tu, kana kwamba kosa lilikuwa la masikio yake. Akiwa katika kuhangaika huko akajikwaa, na watu wasiomjua wakamwambia, "Pole!" Alirudi chuoni akiuliza kwa nini watu wanaomba radhi kwa jiwe ambalo si wao walioliweka. Ilitupasa kumweleza kwamba neno lile si la kuomba radhi bali ni la kushiriki maumivu ya mwenzako, na kwamba jibu lake ni "Nimeshapoa."

Kijana huyu aliamini kwamba yeye na wenzake walikuwa wanafunzi wa kwanza wa kigeni kupata elimu mahali pale. Hapo ndipo tulipomchukua tukaenda naye makaburini.

Makaburi hayo yapata 150, yametunzwa vizuri, mengi yana misalaba na majina ambayo ulimi wa Mswahili hauyawezi. Ni ya Wapolandi. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Stalin iliwang'oa watu wa Polandi kwa mamia ya maelfu, ikawapakia katika mabehewa ya mizigo mpaka Siberia na Kazakstani, ambako wengi walikufa kwa njaa na baridi. Hitler alipoishambulia Urusi mwaka 1941, waliosalia walifunguliwa, na mwaka uliofuata zaidi ya 100,000 kati yao wakavuka kuingia Uajemi. Wanaume wenye nguvu wakaenda vitani. Wanawake na watoto wakatawanywa duniani, na maelfu wakaletwa katika makambi ya Afrika: Masindi na Koja huko Uganda, Ifunda, Kidugala na Kondoa hapa kwetu, na kubwa kuliko yote ya Tanganyika, Tengeru, iliyopata kuwa na watu wapatao 5,000.

Watoto hao walisoma hapa. Walikuwa na shule za msingi, shule ya sekondari na mafunzo ya kazi za mikono. Walikuwa na kanisa, hospitali na mashamba. Wengi walipozeeka, wakiwa Uingereza, Kanada na Australia, walieleza jinsi nchi hii ilivyowapokea: nyumba za mviringo zilizopakwa chokaa na kuezekwa majani, udongo mwekundu, hofu ya nyoka na sauti za wanyama usiku, na matunda ambayo hawajapata kuyaona. Mtoto aliyetoka kuuona mkate ukigawanywa kwa vipande vidogo huko Siberia aliweza hapa kula ndizi mpaka akashiba. Si ajabu kwamba wengi waliikumbuka Tengeru kama bustani ya utoto wao. Wala hawakuwa na kwao pa kurudi, kwa maana katika mkutano wa Yalta mwaka 1945 wakubwa wa dunia waliikata ardhi yao na kuwapa Warusi. Mwaka 1949 kundi la yatima lilipelekwa Kanada, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ikafungwa.

Hatuwalaumu watoto hao hata kidogo. Lakini macho ya mgeni huona alichoonyeshwa. Bustani ile ilikuwa na wenyewe. Wakati mtoto mkimbizi akijifunza historia ya taifa lake chini ya Mlima Meru, watoto wa Kimeru waliopata nafasi ya darasa walikuwa wachache, na wazee wao walibanwa mlimani na mashamba ya walowezi yaliyogawanywa tangu enzi ya Wajerumani. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza, iliyokuwa imewapokea waliong'olewa na Stalin, iliwang'oa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao ifugiwe ng'ombe wa Wazungu. Nyumba zilichomwa moto, na watu wakaamriwa kwenda Kingori kwenye joto na magonjwa.

Wameru hawakurusha jiwe. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet mpaka New York, ambako yeye na mwanasheria Earle Seaton waliyaeleza madai yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Naye Kirilo alikuwa mgeni katika nchi ngeni, lakini alikwenda kufundisha kuliko kujifunza. Katika Mkutano Mkuu kura hazikufika theluthi mbili, na ardhi haikurudishwa wakati ule; ila habari za Meru zilienea Tanganyika nzima, na Kirilo aliporudi alizunguka nchi akizihubiri, kabla hata TANU haijazaliwa mwaka 1954.

Mwanafunzi alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba katika barua yake ya kwanza kwa wazazi alikuwa ameandika kuwa amefika katika nchi ambayo haijapata kujua dhuluma, na kwamba hana budi kuandika nyingine.

Tukiwa njiani kurudi tulimkuta bibi mmoja amepumzika kando ya mzigo wa majani ya ng'ombe. Katika mazungumzo alitwambia kwamba yeye alibebwa mgongoni kwenda Kingori, na kwamba hakumbuki chochote isipokuwa moshi. Kijana alitutazama, kisha akamgeukia.

"Shikamoo, bibi. Pole."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeshapoa," akajibu, kisha akamwuliza kama huko kwao nako kuna ndizi, na wanazipika namna gani.