Bustani yangu ya kideo ilimfungia Maza ndani!

Wiki hii naomba nikiri kosa. Mimi mwenyewe, mjanja wa mjini, nilijenga bustani kali kuliko zote mtaani kwetu Tabata, halafu mama yangu mzazi akashindwa kuingia.

Si mnatujua vijana? Nilipata vijisenti, nikataka uani pawe pa kideo. Nikamwaga kokoto nyeupe, nikajenga ngazi mbili za tofali, nikapanga maua kama ya hotelini. Washikaji wakija wanasema, "Aisee, hapa Ulaya!" Kichwa kinavimba.

Wakati huo Maza alikuwa ameshapata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto havina nguvu, anatumia kiti cha magurudumu. Na huyu ndiye mama aliyetusomesha kwa matuta ya mchicha! Siku moja akaomba nimpeleke akaone maua. Nikamsukuma. Hatukufika hata kwenye ngazi. Magurudumu madogo ya mbele yakazama kwenye kokoto, kiti kikapinduka, Maza chini puu!

Namshukuru Mungu hakuumia sana. Kilichoniuma ni maneno yake nilipomwinua: "Nirudishe ndani tu, baba. Bustani hii si yangu."

Usiku ule sikulala. Sista akasema eti Maza apumzike, kazi amefanya za kutosha. Mimi nikakataa. Mtu aliyelima miaka yote ukimwacha akodolee macho ukuta, hapo humpumzishi, unamzika mapema.

Asubuhi nikamwita fundi, tukavunja. Kokoto zote zikazolewa, tukamwaga zege lisiloteleza, njia ya upana wa sentimita 120. Kiti kinapita hata kwenye sentimita 90, ila hapo mkikutana na mtoto anayekimbia ni ugomvi. Mwisho wa njia tukaacha nafasi ya mita moja na nusu kila upande ili kiti kigeuke.

Ngazi nazo kwaheri. Kipimo cha mteremko ni rahisi: kila sentimita moja ya kimo, weka sentimita 12 za urefu. Ngazi zangu zilikuwa na kimo cha sentimita 30, kwa hiyo mteremko ukawa mita 3 na sentimita 60. Fundi alitaka kuufupisha aokoe saruji. Nikamwambia akae kwenye kiti apande mwenyewe. Akakaa kimya.

Kisha matuta. Yale ya chini yanataka mtu ainame, Maza hawezi. Tukatengeneza meza ya mbao yenye boksi la udongo juu, kina cha sentimita 20, matundu chini ya kutolea maji. Chini ya boksi ni wazi, magoti yanaingia kama mtu anayekula mezani. Upana ni sentimita 60 tu, kwa sababu mkono wa mtu aliyekaa haufiki mbali.

Ya bure haya: mpini wa kijembe uviringishie mpira wa tairi la baiskeli, unakuwa mnene, mkono dhaifu unaushika. Dumu la lita 20 lisahau, tumia kopo la lita 3. Bomba liwe kimo cha kiuno.

Jirani yetu mzee macho yamefifia. Kwa ajili yake tukapaka kingo za njia rangi nyeupe, tukapanda mrehani na mchaichai pembeni. Sasa anajua alipofika kwa pua! Mpwa wangu wa miaka 6 ana gunia lake la sukumawiki. Na kwa usalama wa wote, mnyaa tuliung'oa. Utomvu wake ukiingia machoni ni balaa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Uani kwako hakuna atakayekuja kukukamata, ni wewe na roho yako. Tena usidhani ni habari ya wazee tu. Leo unacheza muziki mpaka alfajiri, kesho bodaboda ikikuvunja mguu utaitafuta njia pana.

Wiki ya nne mchicha ulikuwa tayari. Maza akaukata mwenyewe kwa mkono wa kulia, akaniita kwa sauti ile ya zamani: "We mtoto! Umemwagilia hivyo hivyo mchana wa jua kali, nani kakufundisha?"

Jamani, nilisimama pale nagombezwa huku nacheka kama zuzu. Miezi minane nilikuwa sijagombezwa.

Haya, kachukue futi kamba, upime mlango wa uani kwenu. Tukutane wiki ijayo!